Lesi hii ni ya wapi? Kutatua utata wa kutambua lesi za kale za bobini

Makosa mengi ya kutambua lesi ya kale huanzia kwenye ua. Mtu anaona waridi, anaandika Brussels. Anaona hariri nyeusi, anaandika Chantilly. Lakini ua liliigwa na kila mji, kila mashine na kila msimu wa mitindo. Kisichoigika kirahisi ni njia ya uzi: umetoka wapi, umepita juu ya nani, umerudi vipi. Mwongozo huu unafuata uzi. Kila sehemu inaanza na tatizo kama linavyojitokeza mezani, kisha sababu zake na cha kufanya.

Bobini inayozungumzwa hapa si ile ya cherehani. Ni kijiti chembamba cha mti au mfupa kilichozungushiwa uzi. Fundi hubandika juu ya mto mgumu karatasi nene au ngozi iliyotobolewa kwa kufuata mchoro, huchomeka pini kwenye matundu, na vijiti huning'inia viwili viwili. Kazi yote ni mienendo miwili kati ya jozi mbili. Kuvusha: katika nyuzi mbili za kati, ya kushoto inapita juu ya ya kulia. Kusokota: ndani ya kila jozi, ya kulia inapita juu ya ya kushoto. Vusha, sokota, vusha: unapata sehemu nzito iliyofumwa kama kitambaa, yenye mtande na mshindio. Vusha, sokota, ukaishia hapo: unapata nusu-mfumo, sehemu nyepesi yenye nyuzi za mshazari. Rudia hayo kwa nyuzi nne zilezile bila kuziachia: unapata msuko. Michoro ya kazi hii ilikwisha kuchapwa vitabuni Venice mwaka 1557 na Zurich 1561, na mienendo yenyewe haijabadilika tangu hapo.

Majina mengine machache tutakayoyatumia. Matundu ya wavu yanayojaza nafasi kati ya maua tutayaita kimia. Uzi mnene unaozunguka ua kama wanja unavyozunguka jicho tutauita uzi wa wanja. Vijani vidogo vilivyojaa, vya mraba au vyenye umbo la mbegu ya ngano, ni punje. Vijipete vya uzi ukingoni ni vitanzi. Upande ulionyooka wa kushonea kwenye nguo ni ukingo wa chini. Upande wenye mawimbi ni ukingo wa juu.

Kabla ya yote

Andaa kioo cha kukuza mara 10, rula ya milimita, karatasi nyeusi isiyong'aa (nyeupe kama lesi ni nyeusi), na taa moja unayoweza kuilaza pembeni. Piga picha pande zote mbili, rula ikiwa ndani ya picha. Usifue, usipige pasi, usinyooshe kwa mikono. Wanga wa zamani huziba kimia, na pasi huulaza ule uvimbe ambao baadaye utakuwa ushahidi wako pekee. Hariri nyeusi ya karne ya 19 ishughulikie ikiwa imelala juu ya karatasi: nyingi ilitiwa rangi yenye chuma, na chuma hicho huila hariri mpaka inavunjika kama jani kavu.

Tatizo: sijui hata kama ni kazi ya bobini

Tafuta sehemu nzito, ndani ya petali au jani, uiweke chini ya kioo. Ukiona nyuzi zinapishana juu-chini kama kwenye kitambaa cha kawaida, upo kwenye bobini. Ukiona safu za vitanzi vya tundu la kifungo, kila kimoja kimeshika cha juu yake, hiyo ni lesi ya sindano, hata kama ua ni lilelile. Mnyororo wa vitanzi vilivyoingia kimoja ndani ya kingine ni kroshia. Vifundo viwili viwili vilivyopangwa kwenye uzi, vikikazwa kuwa pete, ni kazi ya kifaa kidogo cha mkono (kwa Kiingereza tatting), na haimo katika familia hii.

Dalili inayosumbua ni lesi yenye manyoya: kingo zimefifia, uzi haufuatiki hata ukitumia kioo kizuri, na kila kitu kinaonekana kama mshono wa cherehani uliozungushwa. Hiyo ni lesi ya kemikali. Tangu miaka ya 1880, viwanda vya St. Gallen na Plauen vilidarizi kwa mashine juu ya kitambaa, kisha vikakiyeyusha kitambaa na kubaki na darizi peke yake. Hakuna msuko wala kitambaa cha kweli ndani yake. Weka pembeni, usipoteze muda.

Kipande kimoja chenye bobini na sindano pamoja si kosa lako. Brussels ilichanganya makusudi: maua ya bobini, na katikati yake kidirisha cha lesi ya sindano. Andika zote mbili.

Tatizo: ni bobini, lakini ni ya mkono au ya mashine?

Hapa ndipo fedha na heshima hupotea. Ushauri uliozoeleka ni kutafuta makosa: ikiwa na makosa ni ya mkono, ikiwa safi ni ya mashine. Ushauri huo ni dhaifu. Fundi mzuri wa Valenciennes alifanya kazi safi kuliko mashine nyingi, na mashine mbovu hukosea kila siku.

Swali linalofaa ni kosa linajirudia wapi. Pima urefu wa mchoro mmoja mpaka unapoanza upya, kisha linganisha marudio matatu. Uzi uliovushwa vibaya mahali palepale katika marudio yote matatu ni kosa la mashine. Uzi uliovushwa vibaya mara moja tu ni mkono uliochoka. Ila kuna mtego: tundu la pini lililokaa upande litajirudia hata kwenye kazi ya mkono, kwa sababu karatasi ileile ilitumika tena na tena. Kwa hiyo tenganisha umbo lililopinda, ambalo ni kosa la karatasi, na uzi uliopita njia isiyo yake, ambalo ni kosa la mikono au la mashine.

Mashine mbili ndizo zinazoleta utata wa kweli.

Ya kwanza ni ya Leavers. John Leavers aliibuni Nottingham mwaka 1813, na kufikia miaka ya 1840 ilikuwa imefungiwa kadi za Jacquard, yaani kadi zenye matundu zinazoiongoza mashine, na inatoa maua ya kila namna. Chini ya kioo, sehemu yake nzito si kitambaa. Utaona mistari ya wima kama mbavu, nyuzi nyembamba zikiizunguka, na nyuzi nene zikilala kati yake kwenda na kurudi bila kupishana juu-chini. Panapoishia ua, uzi mnene umekatwa kwa mkasi na kuacha kishungi. Vitanzi vya ukingoni mara nyingi ni utepe wa pekee ulioshikizwa kwa uzi mmoja. Ukivuta kidogo vinaachia. Jaribio lenye nguvu zaidi ni la nusu-mfumo. Kwenye kazi ya mkono, uzi mmoja tu unavuka upana wote na mwingine wote unakwenda mshazari. Leavers haitoi mshazari huo. Inatoa wima na ulalo. Ukiona petali nyepesi isiyo na uzi hata mmoja wa mshazari, swali limejibika.

Ya pili ni ya Barmen, kutoka Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, nayo ni mdanganyifu hodari kwa sababu inasuka kwelikweli. Vishika-uzi vyake vinazunguka na kupishana kama bobini mezani, kwa hiyo misuko ni ya kweli na kitambaa ni cha kweli. Lakini haiwezi kuongeza wala kupunguza nyuzi katikati ya kazi. Hesabu nyuzi zinazokatiza upana wa ukanda mahali pawili, penye ua kubwa na penye nafasi wazi: idadi ni ileile. Haiwezi pia kurudi nyuma na kuunga sehemu mpya kwenye sehemu iliyokwisha. Na punje zake humsaliti. Punje ya mkono hufumwa na uzi mmoja unaokwenda na kurudi kupitia nyuzi tatu, ukikazwa kila safari, hivyo kingo zake ni kali. Punje ya Barmen ni legevu, kiuno hakijakaza. Ukiokota kitambaa cha meza chenye utepe mwembamba wa pamba wa michoro ya pembe kwenye robota la mitumba, anza kwa kushuku Barmen, kisha uache lesi yenyewe ikukanushe.

Tatizo: ni ya mkono, ila sijui nianzie wapi kuipanga

Uliza swali moja kabla ya majina yote: mitande ndani ya ua inaelekea wapi?

Lesi za mfululizo hutengenezwa zote kwa pamoja, ua na kimia, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nyuzi zinatoka kwenye kimia, zinaingia kwenye ua, zinatoka tena. Kwa sababu hiyo mitande ndani ya maua yote inashuka sambamba na ukingo wa chini, hata petali ikipinda namna gani. Valenciennes, Mechlin, Binche, Lille, Buckinghamshire, Chantilly na Torchon zote ni za kundi hili.

Lesi za vipande hutengenezwa ua kwa ua, kila moja peke yake, kisha huunganishwa. Humo mitande inafuata mkunjo wa petali: jani likipinda, mitande inapinda nalo. Geuza nyuma. Ukikuta nyuzi za kimia zimebebwa kupita mgongoni mwa ua kutoka upande mmoja hadi wa pili, au zimenaswa ukingoni mwa ua kwa kulabu nyembamba, huna tena sababu ya kusitasita. Brussels, Bruges, Honiton na Milano ya karne ya 17 zipo hapa.

Ukubwa nao unasaidia. Lesi ya mfululizo inabanwa na idadi ya bobini ambazo mto na fundi wanaweza kubeba. Valenciennes pana ilidai mamia ya bobini kwa ukanda usiozidi kiganja. Lesi ya vipande haina mpaka huo. Shela kubwa la kipande kimoja likidaiwa kuwa Valenciennes, dai hilo lina kasoro tangu mwanzo.

Tatizo: lesi mbili zinafanana kabisa, maua yaleyale, wembamba uleule

Achana na maua, soma kimia. Chagua tundu moja lililokaa vizuri, mbali na ua, na ufuate kila upande wake kwa ncha ya sindano butu bila kugusa.

Pande zote ni misuko ya nyuzi nne, tundu ni la mviringo au la almasi: Valenciennes. Thibitisha kwa kutafuta uzi wa wanja, Valenciennes haina. Ni bapa kabisa, uzi wa unene mmoja kote, na kuzunguka maua utaona mstari wa vitundu vidogo. Tundu la mviringo huelekea karne ya 18, la almasi karne ya 19, wakati kazi hiyo ilikuwa imehamia zaidi Ypres, Ghent na Bruges. Mji wa Valenciennes wenyewe ulikuwa sehemu ya Uholanzi ya Kusini iliyotawaliwa na Uhispania, jirani na Flanders, mpaka Ufaransa ilipoupata kwa mkataba mwaka 1678, ndiyo maana lesi yake ina damu ya Flanders na jina la Kifaransa.

Tundu la pembe sita, pande mbili ni misuko mifupi ya nyuzi nne na pande nne ni nyuzi mbili zilizosokotwa: ama Mechlin ama Brussels. Hesabu nyuzi zinavuka mara ngapi kwenye ule upande uliosukwa. Mara 3, tundu fupi lililojaa kidogo: Mechlin. Mara 4, tundu lililorefuka: Brussels. Kama jicho limechoka kuhesabu, kuna njia ya pili. Mechlin ina uzi wa wanja unaong'aa kila ua na ni ya mfululizo. Brussels haina wanja wa namna hiyo na ni ya vipande. Kimia cha Brussels kilifumwa kwa mikanda myembamba ya sentimita mbili tatu na kuunganishwa kwa sindano kwa ustadi mkubwa. Ukilaza taa pembeni, maungio hayo hujitokeza kama mistari hafifu iliyonyooka.

Tundu linaloonekana la pembe sita, jepesi, halina msuko popote: nyuzi zinavuka mara moja na kusokotwa mara mbili au tatu. Hiki ni kimia cha Lille, na kimesambaa mno. Lille, Buckinghamshire, Tønder ya Denmark, Chantilly, Bayeux, zote zinakitumia. Hapa kimia kinakupa ukoo tu, hakikupi nyumba.

Nyota zenye ncha sita, pembesita na pembetatu zikipishana: kimia cha Paris. Kikiandamana na uzi mzito wa wanja na mchoro wa chungu chenye maua, fikiria Antwerp, ambako lesi hiyo iliitwa lesi ya vyungu.

Kimia hakionekani kabisa, kila mahali ni vinyota na viduara vilivyojaa kama theluji iliyotawanywa, na hakuna uzi wa wanja: Binche. Watu wengi huikosea kwa Valenciennes kwa sababu zote mbili ni bapa. Msuko wa nyuzi nne ndio mpaka wao.

Matundu ya mraba yaliyosimama kwa ncha, mistari ya digrii 45 kutoka ukingo wa chini, uzi mnene, feni na buibui vya pembe: Torchon. Imefanywa Ufaransa, Uhispania, Italia, Uswidi na kwingineko, kwa hiyo usijaribu kuipa nchi kwa kutazama mchoro. Digrii zina msaada mwingine: mshazari wa kimia cha Lille haukai kwenye 45, hukaribia 60. Rula na kipima-pembe cha shule vinatosha kutenganisha Torchon laini na Buckinghamshire nzito.

Pande zote za tundu ni nyuzi mbili tu zilizosokotwa, zinafanana mno, na maua yamekaa juu yake badala ya kuwa ndani yake: hiyo ni neti ya mashine. John Heathcoat alipata hataza ya mashine yake ya neti mwaka 1809, na ndani ya miongo michache Brussels na Honiton zilikuwa zinashona maua ya mkono juu ya neti hiyo. Maua ni halali, kimia ni cha kiwanda, na kipande kilivyo kiliunganishwa baada ya 1809. Shela la harusi ya Malkia Victoria mwaka 1840 lilikuwa la namna hii: vishada vya Honiton vya mkono juu ya neti ya mashine. Kwa hiyo neti ya mashine peke yake haimaanishi kazi duni.

Tatizo: nimefika kwenye ukoo, nashindwa kuchagua kati ya ndugu

*Lille au Buckinghamshire.* Ukweli ni kwamba vipande vingi rahisi haviwezi kutenganishwa bila hati. Lille hupenda michoro michache, ukingo wa juu ulionyooka, na punje ndogo za mraba zilizotapakaa kwenye kimia. Buckinghamshire hupenda kujaza katikati ya maua kwa masega ya nyuki na nyota za Paris. Kama una vidokezo vya upande mmoja tu, andika "kimia cha Lille, huenda Uingereza" na usione haya.

*Honiton au duchesse ya Ubelgiji.* Zote ni vipande, zote zina mishipa ya majani iliyoinuliwa. Tazama ndani kidogo ya ukingo wa petali. Kwenye Honiton mara nyingi jozi ya uzi mnene zaidi inatembea humo, sambamba na mstari wa pini. Duchesse kwa kawaida haina jozi hiyo, uzi wake ni mzito kiasi kote, na huja na vidirisha vya sindano. Jina lingine linalochanganya hapa ni la kile wauzaji walichokiita lesi ya Kiingereza: mwaka 1662 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku lesi za nje, na inavyosimuliwa, wafanyabiashara waliendelea kuingiza kazi ya Brussels kwa jina la nyumbani. Ukiona jina hilo kwenye hati ya zamani, angalia kimia kwanza; uwezekano mkubwa ni Brussels.

*Malta, Bedfordshire, Cluny, Le Puy.* Hizi hazina kimia cha wavu. Sehemu zake zimeshikwa na misuko na punje, kama zile za Genoa za zamani, na si kwa bahati: mwaka 1833 Lady Hamilton Chichester aliwaleta Malta mafundi kutoka Genoa. Lesi ya Malta ilipoonyeshwa London kwenye maonyesho makubwa ya 1851 ikapendwa, na Bedfordshire na Le Puy zikafuata mkondo huo. Malta ni hariri ya rangi ya maziwa, punje nono, na mara nyingi msalaba wenye ncha nane. Bedfordshire ni kitani au pamba, punje nyembamba zaidi, na kwenye kazi bora, kama za karakana ya Thomas Lester wa Bedford, majani na maua ya bustani yaliyochorwa kwa uhai. Cluny ina vigurudumu na njia za kitambaa zinazogawanyika mara mbili, na jina lake limetoka kwenye jumba la makumbusho la Paris lililohifadhi lesi za kale zilizoigwa. Hakuna kijiji cha mafundi nyuma ya jina hilo. Ikiwa ni hariri lakini haina msalaba, usiikatae Malta kwa sababu hiyo tu. Ikiwa na msalaba lakini ni pamba ngumu, rudi kwenye sehemu ya Barmen.

*Chantilly.* Hariri nyeusi isiyong'aa, maua ya nusu-mfumo, uzi wa wanja wa hariri bapa, kimia cha Lille. Tafuta mshazari ndani ya petali kama ilivyoelezwa juu. Kisha tafuta maungio: shali kubwa ilitengenezwa kwa mikanda na mikanda ikaunganishwa kwa mshono usioonekana kwa urahisi. Shali ya mkono isiyo na ungio hata moja inatia shaka. Jihadhari pia na uzi wa wanja uliopitishwa kwa sindano baada ya kazi: unatoboa kimia, unapanda na kushuka kama mshono. Kwenye kazi ya mkono umelala kati ya nyuzi mbili za jozi. Uzi wa sindano juu ya kazi ya mashine ulikuwa biashara ya kawaida karne ya 19. Na hata ikithibitika kuwa ya mkono, Chantilly nyingi za karne hiyo zilitoka Bayeux, Caen au Geraardsbergen. Hariri ya rangi ya maziwa inayong'aa, maua mazito ya uzi laini wa wanja juu ya kimia kilekile, ni blonde, ndugu yake wa mchana.

Tatizo: kipande ni utepe mmoja unaojizungusha

Aliyewahi kuona ukili wa mkeka ataielewa familia hii bila maelezo mengi: mkanda mwembamba unasukwa, unazungushwa, na kingo zake zinashikizwa zilipokutana. Milano ya karne ya 17, Vologda ya Urusi na Idrija ya Slovenia zote ni ndugu wa ukili. Zinahitaji jozi chache, mara nyingi chini ya 10, na maungio hufanywa papo hapo kwa kulabu wakati mkanda unapopita tena karibu na ulikotoka.

Hatari iko kwenye kona. Mkanda uliofumwa kwa bobini unapinda bila mkunjo: mitande inabaki sambamba, na fundi ameruka pini kadhaa upande wa ndani. Ukiona upande wa ndani umejikunja au umevutwa kwa uzi kama kiuno cha sketi, utepe ulinunuliwa ukiwa tayari, mara nyingi wa mashine, ukapindwa kwa mkono na nafasi zikajazwa kwa sindano. Kazi hiyo ilikuwa burudani ya majumbani mwishoni mwa karne ya 19, na huuzwa leo kama Milano.

Milano yenyewe ina utepe mpana kiasi wenye mapambo ya matundu ndani, ukipinda kama mzabibu. Vologda hupenda utepe mmoja usiokatika unaochora umbo zima. Idrija ni nyembamba na ya kawaida zaidi sokoni, kwa kuwa shule yake ya lesi ilifunguliwa 1876 na bado inafundisha. Ufundi wa lesi za bobini wa Slovenia uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2018. Kwa hiyo Idrija mpya kabisa ni ya mkono kabisa. Upya si kasoro, usiandike tu kuwa ni ya kale.

Tatizo: dalili za umri zinapingana

Kimia kinasema karne ya 18, uzi unasema karne ya 19. Sababu ya kwanza ni kwamba mtindo uliendelea kufanywa baada ya enzi yake. Uzi wa pamba wa viwandani ulianza kukisukuma kitani nje katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19. Mechlin ya pamba basi si ya 1740, hata mchoro ukiwa wa 1740. Kitani cha zamani kina vinundu na unene unaobadilika kidogo kwenye uzi mmoja. Pamba ya kiwandani ni sawasawa na ina kijivuzi. Usichome uzi kupima; kioo kinatosha kwa hatua hii.

Sababu ya pili ni kipande kilichofumuliwa na kushonwa upya. Maua ya Brussels ya zamani yalihamishiwa mara nyingi kwenye neti mpya baada ya kimia chake kuchakaa. Utakuta maua ya kitani yaliyolainika kwa umri juu ya neti ya pamba iliyo imara. Andika tarehe mbili.

Sababu ya tatu ni rangi. Umanjano uliotandaa sawasawa mpaka ndani ya mikunjo na chini ya mshono ni chai au kahawa. Umanjano wa umri huwa mwingi palipokuwa wazi na hupungua mikunjoni.

Wingi wa maua unaweza kukusaidia pale uzi umenyamaza. Nusu ya kwanza ya karne ya 18 ilipenda kujaza. Karibu kila milimita ina kazi. Kuanzia miaka ya 1780 maua yanapungua na kusogea ukingoni, kimia kinabaki kitupu na vinukta vichache, kwa kuwa nguo zenyewe zilikuwa zimegeuka nyepesi.

Tatizo: niandike nini kwenye lebo

Andika ulichokiona kwanza, jina baadaye, na mahali mwisho. Chukua mfano wa ukanda wa sentimita 6 kwa 80. Mitande ya maua inashuka sambamba na ukingo wa chini, kwa hiyo ni mfululizo. Tundu lina pembe sita, misuko miwili yenye mivuko 3, na uzi wa wanja unang'aa. Kosa la kuvusha limeonekana kwenye rudio la pili tu kati ya matano. Uzi ni pamba, na maua ni machache yakiwa yamesogea ukingoni. Lebo yake: "Lesi ya bobini ya mkono, ya mfululizo, kimia cha Mechlin chenye uzi wa wanja, pamba, sm 6 × 80, mtindo wa Mechlin, karne ya 19." Neno "mtindo wa" libaki mpaka upate hati ya mahali. Ukiweka "Mechelen", mji ulioipa Mechlin jina, bila hati, atakayekuja baada yako ataichukua kama imethibitishwa, na kosa lako litanakiliwa kwenye lebo inayofuata.

Kama misuko ya kimia ina mivuko 3 mahali pengine na 4 pengine, usichukue wastani. Hesabu matundu 10 kutoka sehemu tatu tofauti, kisha angalia kama kuna mstari wa ungio kati ya sehemu zinazotofautiana. Mara nyingi utakuwa na vipande viwili vilivyoshonwa pamoja, na kila kimoja kinadai lebo yake.